Pampu Ilikuwa Bado Nzima

Pale Point, Durban, kwenye kona ambako maghorofa ya zamani yenye rangi inayobanduka yanatazamana na majengo mapya ya vioo, pana benchi refu ambalo hakuna anayejua nani alilileta. Marie-Louise, mama wa Kikongo kutoka Uvira, aliweka meza yake ya kahawa ubavuni mwa benchi hilo, na tangu hapo Waswahili wa mtaa ule hawakupata tena sababu ya kukaa kwingine. Mwisho wa benchi, karibu na mlango wa duka la simu, hukaa Juvénal. Wanamwita Ekra, maana kazi yake ni kubadilisha vioo vya simu vilivyopasuka, na Wakongo kioo cha simu hukiita hivyo. Anayemfuatia ni Dulla wa Tanga, mlinda magari kule ufukweni, jina la kijiweni Bandari, kwa sababu habari zote za dunia hushukia kwake kwanza. Halafu Anselmo wa Mtwara, fundi viatu, ambaye ni Jaji kwa kuwa husikiliza kidogo na kuhukumu sana. Wa nne ni Sébastien, Mkongo mwenzake Juvénal, mwenye kigari cha bluu cha kubeba watoto wa shule. Huyo ni Pilote. Jumatano moja asubuhi wote wanne walikuwapo, kahawa ilikuwa ya moto, na Atuganile akaja na mfuko wa plastiki mkononi.

Atuganile ni mwanamke wa Tukuyu, na yeye pia anabeba watoto wa shule kwa kombi yake nyeupe. Laurette, binti wa Juvénal, alikuwa akipanda kombi hiyo tangu darasa la kwanza. Lakini Jumatatu na Jumanne kombi haikuonekana, na mtoto alikuwa amekwenda shule na kigari cha Sébastien.

— Dada Atu, umeibuka? Dulla alimpokea. Tulidhani gari limekufa, tukataka kuanza kuchanga rambirambi.

— Halijafa. Nimelichukua gereji jana jioni. Leo nimeshapeleka watoto na nimerudi.

— Lilikuwa na nini?

— Halikuwa na kitu.

Anselmo akaweka kikombe chini.

— Gari lisilo na kitu limelala gereji siku mbili?

— Nimebadilisha pampu ya maji.

— Iliharibika?

— Haikuharibika.

Juvénal alidhani hajasikia vizuri. Watanzania, alivyowajua yeye, huzungumza harakaharaka kama watu wanaopita mlangoni.

— Maman, rudilia ile neno. Pampu iliharibika ao haikuharibika?

— Haikuharibika, Juvénal. Ndiyo hii.

Akafungua mfuko na kukiweka kile kitu mezani, katikati ya vikombe. Kilikuwa kipande cha chuma cha ukubwa wa ngumi mbili, upande mmoja gurudumu lenye meno, upande wa pili mapanga madogo kama ya feni. Marie-Louise alinyakua kopo la sukari.

— Nakuomba, maman! Iko na mafuta! Hii ni meza ya chakula!

Dulla alikuwa ameshakidaka. Akalisukuma gurudumu kwa kidole, nalo likazunguka laini, bila hata kukwaruza.

— Mama yangu! Inazunguka! Jamani, tazameni, inazunguka!

— Nimekwambia ni nzima.

— Dada, unatoa kitu kizima, unatia kitu kizima kingine? Wewe mtu gani?

Atuganile akavuta pumzi na kuwaeleza, kwa utaratibu kama anavyowaeleza watoto kufunga mkanda. Onesphore, fundi wake wa Clairwood, alikuwa anabadilisha mkanda mkubwa wa injini, ambao muda wake ulikuwa umefika. Kuufikia mkanda huo lazima uvue sehemu yote ya mbele ya injini. Pampu ya maji imekaa palepale nyuma yake, na inazungushwa na mkanda uleule.

— Akaniambia, nimeshafika hapa, na pampu hii ni rika moja na mkanda. Ukiiacha, siku itakayochoka haitakupigia hodi. Maji hayatazunguka, injini itachemka, na itachemka watoto wakiwa ndani. Nikamwambia weka mpya.

— Alikutisha, Sébastien akasema.

— Hakunitisha. Alinieleza.

— Fundi anapokueleza, anakutisha na sauti ya chini.

Benchi likacheka, na kicheko kile kikafungua bomba. Dulla alisimama, pampu mkononi.

— Sikilizeni mimi ninayeshinda na magari. Hizi pampu zinakusanywa! Wanaziosha kwa mafuta ya taa, wanazitia kwenye boksi jipya, wanakuuzia tena. Hiyo uliyofungiwa, dada, ni ya jirani yako.

— Na hii yangu je? Si iko mkononi mwako?

— Hii ilikuwa iende kwa jirani mwingine. Sasa umeondoka nayo. Umekata mnyororo wa watu. Watakutafuta.

— Hilo ni dogo, Anselmo akasema, na wote wakageuka, kwa kuwa Jaji akianza na neno hilo, hukumu iko njiani. Kiwandani kule wanatia saa ndani ya pampu. Ukiitoa, saa inapeleka habari, gari linajua kwamba limeguswa. Basi linaanza kuomba. Leo pampu, kesho betri, mwezi ujao linataka usukani mpya.

— Linaomba vipi, Jaji?

— Kwa taa. Zile taa nyekundu pale mbele ya dereva ulidhani ni za urembo?

Sébastien alitikisa kichwa kwa masikitiko.

— Banduku, hamujui moteur, hii injini. Miye hakuna fundi ameshika gari yangu tangu niinunue. Moteur ni sawa na tumbo ya mutu. Ukiifungua, hewa inaingia. Na hewa ya hapa Durban iko na chumvi. Donc, chumvi ya bahari imeingia ndani ya moteur ya maman. Muhesabu tu, itaanza kukohoa.

Juvénal hakucheka. Alikuwa amekasirika kweli, na hasira yake ilikuwa na mzizi. Maisha yake yote katika mji huu yalikuwa ni kuvirudishia uhai vitu ambavyo wenyewe walishavikatia tamaa. Alibandua skrubu ndogo kuliko punje ya mchele kutoka kwenye simu zilizokufa ili simu nyingine zipone. Kumwona mtu akikitupa kitu kizima kulimuuma kama kumwona mtu akimwaga sufuria ya wali ulioiva.

— Mais, maman, akasema. Siku mbili mtoto wangu anauliza, Tantine Atu iko wapi? Kumbe juu ya kitu nzima?

— Niliwapigia wazazi wote wiki iliyopita. Ulikubali mwenyewe.

— Nilikubali juu nilifikiri gari iko mgonjwa!

— Ningengoja liugue ndipo nilipeleke? Na mtoto wako yumo ndani?

— Bote banangojaka, maman. Dunia nzima inangojaka. Laurette atabaki kwa Pilote.

Sébastien alitazama kahawa yake, nusu kwa aibu, nusu kwa furaha. Macho ya Atuganile yalikuwa yamekwenda ng'ambo ya barabara, kwenye kile kigari cha bluu, ambako chini ya bampa ya mbele lami ilikuwa imelowa.

— Sébastien, gari lako linatoa maji.

— Ni climatisation, maman.

— Lile gari lina kiyoyozi? Dulla akauliza.

— Iliwahi kuwa nayo.

Hapo benchi lilikaribia kupinduka. Marie-Louise alifuta machozi kwa ncha ya kitenge, Anselmo akapiga goti, na hata Juvénal, pamoja na hasira zake zote, akacheka mpaka akakohoa. Atuganile aliirudisha pampu mfukoni.

— Nafasi ya Laurette nitaishika mpaka Ijumaa, akasema. Bupe wa ghorofa ya tatu ana mtoto anaitaka.

— Mupatie, maman. Mupatie tu.

Wiki ile ikaisha, na nyingine ikafuata. Laurette alikipenda kigari cha bluu, maana Sébastien aliwaacha watoto waimbe njia nzima, na yeye mwenyewe aliimba kuwashinda. Kila asubuhi kabla ya kuondoka alifungua boneti na kumimina maji kutoka chupa kubwa ya soda. Mwanzoni chupa moja ilitosha. Halafu zikawa mbili. Juvénal aliliona hilo akiwa mlangoni mwa duka, lakini halikumsumbua. Alijiambia kwamba dereva anayekumbuka kulinywesha gari lake ni dereva makini.

Ikaja Alhamisi ya jua kali. Mchana ule, benchi likiwa limejaa, lori la kuvuta magari lilikata kona, na nyuma yake, pua juu, kilining'inia kigari cha bluu. Boneti ilikuwa wazi, na kioo cha mbele kilikuwa na michirizi ya kutu.

— Ee Mungu wangu! Marie-Louise akapiga ukelele. Sébastien!

Dereva wa lori, jitu la Kizulu lenye kofia, alishuka na kutazama namba ya simu iliyoandikwa ubavuni mwa kigari. Ilikuwa ya Marie-Louise, kwa sababu Sébastien mwenyewe alipoteza simu kila baada ya muda. Dereva alikuwa amempigia akiwa njiani kuuliza alipeleke wapi gari, kelele za mji zikameza maneno yote isipokuwa jina la mtaa. Sasa akasema kwa Kizulu kilichochanganyika na Kiingereza, na Dulla, anayekijua, akatafsiri kwa sauti iliyokuwa ikishuka kila neno.

— Anasema mwenye gari ameungua. Mikono yote, na shavu. Injini ilichemka, akafungua kifuniko cha rejeta. Maji yakamrukia. Ambulensi imemchukua.

— Ameungua vipi? Atapona? Anselmo aliuliza.

— Anasema alikuwa anatembea mwenyewe. Anasema eish, alikuwa analia, lakini alikuwa anatembea.

Lori likashusha kigari na kwenda zake. Juvénal alitazama saa ya dukani kwake: bado kidogo wakati wa shule kufunga. Bila shaka Sébastien alikuwa anakwenda kuwachukua watoto. Itabidi ampigie mwalimu, Laurette angoje hapo shuleni. Aliichukua simu mkononi, na kabla hajabonyeza kitu, wenzake walikuwa wamekizunguka kigari, wameinamia injini iliyonuka chuma kilichoungua, na mdomo wake ukamtangulia.

— Fungueni macho, banduku. Ni nini imekufa hapa?

— Rejeta, Dulla akasema. Rejeta imepasuka. Angalia hapa.

— Imepasuka kwa nini?

— Imepasuliwa! Mnadhani Pilote hana maadui? Alichukua watoto wa watu, akaingia kwenye njia ya watu. Mtu ametia sukari kwenye yale maji.

— Sukari kwenye maji inafanya nini, Bandari?

— Ikichemka inakuwa kama asali. Inaganda. Inaziba kila mahali.

— Hapana, Jaji akakata. Gari hili lilikuwa likilala pale. Na pale pale, mbele yake, Dada Atu alikileta kile chuma na kukizungusha. Sisemi amefanya kitu. Nasema gari liliona. Kitu kikishaona mwenzake kimetolewa, nacho kinakata tamaa.

— Wewe ndiye uliyesema ni saa!

— Saa ndiyo iliyoona!

Juvénal alipenyeza mkono hadi kwenye gurudumu la pampu, ambalo katika kigari hiki lilikuwa mbele, wazi, linafikika. Bado lilikuwa na joto. Alilishika kwa vidole viwili na kulivuta. Likachezacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, na nyuma yake kikachuruzika kimstari cha maji mekundu.

— Ni pampu, akasema.

Hakuna aliyemsikia. Dulla alikuwa ameshafika kwenye watu wanaozunguka Clairwood mzima na mifuko ya sukari, na Marie-Louise alikuwa anamwambia kwa machozi anyamaze, mwenye gari yuko hospitali na wao wanapika asali.

Wakati huo alikuwa amesimama mtu ngazini mwa ghorofa. Alikuwa Doris, mwanafunzi wa Kitanzania aliyehamia pale Jumamosi iliyopita, bado hajakaa benchi hata mara moja. Alikuwa ameshuka kununua kahawa, na kwa kuwa alisimama juu yao, aliona vioo vya nyuma vya kigari ambavyo wao hawakuviona.

— Shikamooni.

— Marahaba, Anselmo alimjibu bila kugeuka.

— Samahanini, jamani. Watoto wako wapi?

— Watoto gani?

— Sijui, nyie ndio wenyeji. Naona mabegi ya shule humu ndani. Na kiatu cha mtu. Wenyewe wako wapi?

Juvénal aliuvuta mlango wa pembeni, ukagoma, akauvuta tena kwa nguvu. Mabegi yalikuwa yamerundikana sakafuni kama yalivyoangushwa. La juu lilikuwa la zambarau, na zipu yake ilikuwa na kishikizo cha kioo cha simu ambacho alikichonga yeye mwenyewe.

— Laurette, akasema, kana kwamba angeitika.

Akaitazama simu iliyokuwa mkononi muda wote. Palikuwa na ujumbe wa shule tangu jana usiku, hajaufungua: leo watoto watatoka mapema, walimu wana mkutano. Basi Sébastien hakuwa anakwenda. Alikuwa anarudi.

— Wako wapi? akamgeukia Dulla. Yule mwenye lori alisema nini? Alisema batoto bako wapi?

Dulla alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu Juvénal amjue, hakikutoka kitu.

— Sikumwuliza, akasema mwishowe.

— Jaji?

Anselmo alitazama chini. Wanaume waliokuwa na jibu la kila kitu tangu asubuhi walisimama wakitazamana, na msichana wa ngazini akawatazama wote, zamu kwa zamu, akingoja.

Marie-Louise ndiye aliyeamka. Alimpigia yule dereva wa lori. Hapana, hakuona watoto. Alikuta gari na polisi wa barabarani, basi. Pale South Coast Road, Clairwood, kwenye maghala. Wakampigia Sébastien, na simu yake ikalia chini ya kiti cha dereva, miguuni mwao. Shuleni wakajibu kwamba watoto walichukuliwa na gari lao kama kawaida.

Kombi nyeupe ilikuwa inaegesha. Atuganile alikuwa ameshawashusha wake. Juvénal alimkimbilia, akashika dirisha lake.

— Maman. Batoto ba Sébastien. Gari imechemka Clairwood. Hatujue fasi bako.

Atuganile alikitazama kile kigari cha bluu, halafu akamtazama yeye. Alichosema kilikuwa neno moja.

— Ingia.

Marie-Louise alipanda nyuma na kuiacha meza yake kama ilivyo. Walipita bandarini kwa kasi ambayo Juvénal hakupata kumwona mwanamke yule akiitumia. Baada ya hapo magari mepesi yakaisha, yakabaki malori tu, malori yenye makontena, yanayotoka na kuingia kwenye malango ya maghala bila kutazama upande. Kila tairi Juvénal alilipima kwa urefu wa mtoto. Robot, taa za barabarani za South Coast Road, zikawashika nyekundu, na akaona angeweza kushuka akakimbia.

— Atu, nilikwambia mupatie Bupe...

— Siyo sasa, Juvénal. Tazama upande wako. Mimi natazama wangu.

— Kama wametembea? Kama wamejaribu kuvuka?

— Tazama upande wako.

Walipita madoa meusi ya maji barabarani na vipande vya tairi. Hakuna mtoto. Wakageuza, wakarudi pole pole, malori yakiwapigia honi nyuma. Ndipo Marie-Louise akapiga kelele, akionyesha lango la ghala moja. Mwanamke mwenye sare ya ulinzi alikuwa amesimama mbele ya lango, miguu ameitanua, mikono kiunoni. Nyuma yake, kwenye kivuli cha kibanda, watoto sita walikuwa wamekaa juu ya mbao za kupangia mizigo, wanakula mkate.

Juvénal aliruka kabla kombi haijasimama. Mlinzi akamzuia kwa mkono wa kifuani.

— Wewe nani? aliuliza kwa Kiingereza. Huchukui mtoto hapa mpaka yeye mwenyewe aseme anakujua.

— Papa! Laurette alilia.

Mkono ukashuka, lakini ulimi haukushuka. Mlinzi aliwasema wote watatu, Kizulu na Kiingereza, na Atuganile akaitikia kila neno kwa kichwa. Alitaka kujua ni wazazi wa namna gani hawa. Yule mwanamume aliyeungua, alisema, ngozi ikiwa inamning'inia mkononi, alikataa kuingia ambulensi mpaka watoto wote wamevuka lango na yeye mlinzi amelifunga. Alimwambia watu wao wanakuja sasa hivi. Sasa hivi gani hii?

Marie-Louise alimshika mikono akaililia.

Juvénal alikuwa amepiga magoti. Alimgeuza Laurette mbele na nyuma, akampapasa uso, mikono, mgongo. Goti moja lilikuwa limechunika.

— Ni nini hii? Nani alikuangusha?

— Papa Sébastien.

— Alikuangusha?

— Moshi ilikuwa mingi, Papa. Alisema tushuke bote, tukae mbali. Miye nilirudi, juu nilisahau kiatu yangu ndani. Nilipita mbele ya gari. Alikuwa anafungua ile kitu, na maji ilianza kulia sssss, na aliniona. Aliniachilia ngumi hapa, akaonyesha begani. Nilianguka kwenye majani. Maji ilimwangukia yeye.

Juvénal alibaki vile vile amepiga magoti. Lori lilipita nyuma yake na upepo wake ukamvuta shati.

Walirudi Point wakiwa tisa ndani ya kombi, kimya, isipokuwa mtoto mmoja mdogo aliyeuliza kama wanaruhusiwa kuimba. Atuganile akasema wanaruhusiwa. Wazazi walikuwa wamekusanyika mbele ya benchi, na kila mlango wa kombi ulipofunguliwa, mtu alilia. Mke wa Juvénal alikuwa amekuja mbio kutoka saluni, kitana bado mkononi. Walipokwisha kushuka wote, Juvénal alibaki amesimama dirishani.

— Kesho, maman?

— Kesho nafasi ni ya mtoto wa Bupe. Nilimpa, kama ulivyosema.

— Ndiyo. Ni haki.

— Sizidishi watoto, Juvénal. Hata leo nimezidisha kwa sababu ilikuwa lazima. Mmoja akitoka, nitakwambia wewe kwanza.

— Merci, maman.

Kesho yake alimpeleka Laurette mwenyewe kwa taxi, mbili za kwenda, mbili za kurudi, na ndivyo alivyofanya muhula mzima. Na kesho hiyohiyo, saa za kutazama wagonjwa, benchi lilihamia hospitali. Dulla alivaa kanzu. Anselmo alibeba ndizi. Njia nzima hakuna aliyeeleza kitu chochote kwa mwenzake. Mlangoni mwa wodi nesi aliwahesabu kwa macho, akasema wataingia wawili tu. Dulla akamsukuma Juvénal mbele kwa upole, na Juvénal akamshika Laurette mkono.

Sébastien alikuwa ameegemezwa mito. Mikono yote miwili ilikuwa imefungwa bandeji nyeupe mpaka viwikoni, imewekwa juu ya shuka kama vitu visivyo vyake. Upande mmoja wa uso uling'aa kwa dawa. Alipowaona alijaribu kukaa sawa, akashindwa. Hakumsalimia Juvénal. Alimtazama mtoto.

— Bote sita? aliuliza.

— Bote sita, Papa Sébastien.

— Na goti?

— Imekauka kidogo.

— Nilikupiga nguvu sana. Pardon, Laurette. Sikuwa na wakati.

Mtoto akasema haidhuru. Juvénal alikuwa amekuja na maneno. Usiku wote alikuwa ameyapanga, mengine ya hasira juu ya zile chupa za soda, mengine ya shukrani, na hakujua yapi yatatoka kwanza. Alisimama pale kando ya kitanda.

— Ekra, Sébastien akasema polepole. Iko maji pale. Siwezi kushika.

Juvénal akachukua kikombe kilichokuwa juu ya kabati dogo. Akapitisha mkono wake wa pili nyuma ya shingo ya yule mtu, akamwinua taratibu, akikwepa shavu, na kumwekea kikombe midomoni. Sébastien alikunywa kwa mikupuo mirefu, amefumba macho, na maji kidogo yakamchuruzika kidevuni. Juvénal akayafuta kwa kidole gumba. Halafu akajaza tena.